Maelezo ya Upanga

Bosibori ameutoa kwenye gunia la mahindi,
ameulaza juu ya benchi langu hapa Kibuye,
katikati ya majembe na visu vya wauza samaki.
“Wewe mnoaji,” asema, “unajua chuma.
Kuna mtu Nairobi hataji bei bila maelezo.
Niandikie.”

Basi naandika.

Urefu: mkono wangu, toka begani hadi nchani mwa kidole,
na shubiri moja juu yake.
Umepinda kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Makali upande mmoja. Kila ubavu una mfereji;
si wa damu, kama wanavyoapa watoto waliotuzunguka.
Ni wa kupunguza uzito, basi.
Hata cha kuulia lazima kwanza kibebeke.

Kinga ya vidole ni ya shaba,
imepinda kama mkono ulioshika kiuno.
Mizinga miwili imepishana juu yake,
kwa hiyo mwenyewe alikuwa wa mizinga,
mtu wa kuua kwa mbali,
na huu alivalia gwaride.
Mpini umevikwa ngozi ya samaki
asiyevuliwa katika ziwa letu,
ukafungwa waya mwembamba, mizunguko kumi na moja.
Wa kumi na mbili umekatika.

Nimepangusa kwa mafuta ya taa.
Kutu imetoa neno, herufi kwa herufi: SOLINGEN.
Neno hilo nilikuwa nalijua kabla sijajua kuwa ni mji.
Lilikuwa kwenye wembe wa kinyozi wa baba.
Chini yake, kichwa cha askari mwenye kofia ya chuma,
kidogo kama punje ya mtama.

“Ala yake?”
“Ilikatwa. Ikawa bomba la kupulizia moto jikoni.”
Naandika: ala haipo.
“Bomba lipo,” asema Bosibori.
Naandika: bomba lipo.

Wajerumani waliingia Kisii mwaka wa kumi na nne
wakatoka haraka kuliko walivyoingia.
Mama ya nyanya yake, Nyanchoka,
aliukanyaga kwenye mabua ya wimbi,
akalia kwanza mguu,
kisha akaubeba nyumbani.

Sasa makali. Hapa ndipo penye kazi yangu.
Naona manoleo mawili.
La kwanza ni la gurudumu, limenyooka, limekwenda sawa,
lilifanywa siku moja kwa amri, vita vilipotangazwa.
La pili ni la jiwe la mtoni.
Limekula katikati tu, mahali mkono wa mwanamke
hushukia shina la mgomba,
majani ya ng'ombe, boga, tena shina la mgomba,
miaka na miaka, mpaka chuma kikaingia ndani
kama mwezi mchanga.

Mtu wa Nairobi amepiga simu.
Nimemsomea. Amesema hilo la pili ni dosari,
linashusha bei nusu.
Sikumjibu. Nilikuwa namtazama simba.

Maana kichwani mwa mpini yumo simba wa shaba,
macho mawili mekundu. Yote nilidhani kioo.
Nimeligusa la kulia: baridi.
Nimeligusa la kushoto kwa ukucha,
nikaona kidoa cheusi pembeni.
Mbegu ya omotembe.
“Alisema asiachwe chongo,” asema Bosibori,
“akiwa anaishi kwetu.”

Karatasi imejaa. Nimeandika hilo ubavuni, kwa herufi ndogo.

Ameisoma polepole, midomo ikicheza,
ameikunja mara nne, ameitia kifuani.
Kisha amenisogezea upanga.
“Nitamwambia nafikiria,” asema.
“Ng'ombe hajala tangu asubuhi.
Ninolee hapo katikati.”

Nimekanyaga pedali.
Cheche zimeruka, nami nimeziba jicho la kushoto la simba
kwa kidole gumba, lisije likaungua.